Paka Aliyepona

Vudee, Upare Kusini
8 Agosti 1954

Mpendwa dada yangu Eliakunda,

Nakuomba radhi kwa kunyamaza muda mrefu. Barua yako ya mwezi wa Mei niliipokea, na iliyoifuata niliipokea pia, na zote mbili nilizisoma zaidi ya mara moja. Sikukosa karatasi wala msafiri wa kuniteremshia barua Same. Nilikuwa na habari isiyo njema, nikaahirisha kuiandika, na kila nilipoahirisha aibu ilizidi. Mtu aliyewafundisha watoto wa watu kujibu barua kwa wakati wake hana udhuru, kwa hiyo sitoi wowote.

Habari yenyewe ni hii. Yule paka uliyeniletea kwa lori, mwenye madoa ya kijivu, mliyemwita Karani, amekufa. Hakufa peke yake. Tangu Julai paka wa ukingo huu wote wa mlima wanaugua. Huanza kwa chafya, kama mtu aliyenusa ugoro. Kisha kamasi hutoka, macho hujaa tongotongo mpaka kope zikagandana, ulimi huota vidonda, na mwisho paka hukaa mbele ya chakula chake akikitazama bila kula. Wadogo hufa upesi. Wakubwa wengine hupona, lakini hubaki mifupa na ngozi.

Unajua maana ya jambo hili kwetu. Mahindi yameshapanda darini, pamoja na mbegu za vuli. Panya wameshajua kwamba walinzi hawapo. Hawangoji tena giza. Hutembea juu ya vichwa vyetu tukiwa tunakula.

Sharti niseme wazi kwamba kabla Karani hajaja, hatukuwa na ugonjwa huu. Alikuja Mei, na Julai ukaanza. Watoto wa Kibwebwe, paka wetu wa hapa nyumbani, niliokuwa nimewagawia majirani muda mfupi kabla ya hapo, ndio walioanguka kwanza. Nimelitafakari jambo hili kwa utaratibu na sioni njia nyingine ya kulieleza isipokuwa kwamba maradhi yalipanda kutoka huko tambarare. Sisemi hivi kwa kukulaumu.

Tafadhali mwulize shemeji Zebedayo, kwa kuwa anafanya kazi kwa bwana mifugo, kama kuna dawa. Hapa nyumbani ninao wagonjwa wawili, watoto wa Kibwebwe niliobaki nao.

Rogathe, mkwe wangu, anakusalimu. Mwanangu Tumainieli bado yuko kwenye mashamba ya mkonge, na mtoto wao ameanza kukaa.

Ni mimi kaka yako,
Naftali


Same
17 Agosti 1954

Kaka Naftali, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Kunyamaza kwako nilikusamehe hata kabla hujaomba. Lakini hiyo "sisemi kwa kukulaumu" sijaisamehe bado. Nipe muda kidogo.

Nilipomwambia Zebedayo kwamba Karani amekufa alivua kofia, kisha akasema, "Basi nani atalalia karatasi zangu?" Akatoka nje. Usicheke kaka. Mwanamume huyo amechanja ng'ombe maelfu wala hajui jina la hata mmoja, lakini paka yule alimpa kazi ya ofisi.

Sasa nikuulize. Mama yake Karani yuko hapa miguuni pangu. Ndugu yake yuko juu ya gunia la mkaa. Walikula chombo kimoja na Karani mpaka siku aliyopanda lori. Hakuna aliyepiga chafya, si wakati ule wala leo. Kama aliondoka na ugonjwa, aliutoa wapi?

Nimemwuliza Zebedayo habari za dawa. Anasema yeye ni mtu wa ng'ombe na mbuzi, na akimpelekea bwana mifugo habari za paka watamcheka ofisi nzima. Lakini kwa anavyoona yeye, sindano ya ugonjwa huu haipo. Ni kama mafua ya watu: dawa yake ni kumtunza mgonjwa mpaka mwili wake ushinde wenyewe. Mengine nakuambia mimi, maana paka wa bohari ya misheni waliwahi kuumwa hivihivi nilipokuwa nikipika pale, na tulivusha zaidi ya nusu.

Kwanza, washushe darini. Najua kwenu paka hulala juu ya mahindi, na moto uko chini yake, na moshi unapita hapo. Moshi ni mzuri kwa mahindi lakini kwa pua ya mgonjwa ni sumu. Kila mmoja mweke kwenye tenga lake, mahali pasipo na moshi wala upepo wa ukungu. Wasikae pamoja, hata kama wanaliliana. Chukua maji ya vuguvugu, tia chumvi kidogo sana, ulowanishe kitambaa, uyapanguse macho polepole kutoka ndani kwenda nje. Usiyabandue magamba kwa nguvu. Yaloweshe mpaka yalainike. Kitambaa cha huyu kisimguse yule, na vyote vichemshwe. Ukitoka kwa mmoja, nawa kwa sabuni kabla hujaenda kwa mwingine. Chombo kimoja cha chakula kwa wote ndicho kinachowaua.

Na kula. Kaka, paka asipopata harufu hali. Si kwamba hataki. Hajui kama kilichoko mbele yake ni chakula. Nimempa dereva Athumani furushi la perege wakavu wa Ziwa Jipe. Wachemshe, wape mchuzi ukiwa na joto, unuke nyumba nzima. Akikataa, mpake kidogo kwenye mdomo aulambe.

Halafu niambie habari za Kibwebwe. Umeniandikia watoto wake na majirani na panya, lakini yeye mwenyewe hukumtaja. Je, naye anaumwa?

Nikuletee ndugu yake Karani? Ni mzima, na kwa panya ni jambazi.

Dada yako,
Eliakunda


Vudee
29 Agosti 1954

Mpendwa Eliakunda,

Perege nimewapata. Nakushukuru wewe na shemeji.

Maagizo yako tumeyafuata yote. Niliwaweka wagonjwa katika matenga mawili kwenye chumba nilichokuwa nikisahihishia madaftari, kwa kuwa ndicho pekee kisichopitiwa na moshi. Rogathe alikuwa akimhudumia mmoja na mimi mwingine, ili mikono isichanganyike. Si kazi ya fahari kwa mzee wa kanisa kumpangusa paka kamasi, na majirani hawakukosa la kusema. Melkizedeki alisimama dirishani akaniita, "Mwalimu! Siku hizi darasa lako lina mikia?" Rogathe akamjibu kabla yangu, "Ndiyo, na hawa hawatoroki shule kama ulivyokuwa ukitoroka wewe." Nilimkemea kwa kumjibu mtu mzima, ila sikumkemea sana.

Wa kwangu alikufa. Alikubali mchuzi siku mbili za mwanzo, akaanza hata kunguruma nilipomgusa, kisha pumzi ikawa fupi, akafa nikiwa nimemshika. Wa Rogathe amepona. Jicho moja limeingia ukungu, lakini anakula na jana alipanda meza.

Jambo lililonifadhaisha zaidi si hilo. Unamkumbuka Dorkas, jirani yetu wa chini ya mfereji, aliyefiwa na mume mwaka jana. Nilimpa mtoto mmoja wa Kibwebwe mwanzoni mwa Julai, naye akafa kama wenzake. Wiki iliyopita panya walimng'ata mtoto wake mchanga usingizini. Walimla ncha ya kidole. Mama alidhani mtoto analilia ziwa, akampa ziwa, mpaka alipoona damu kwenye nguo yake. Kidole kimefungwa, na mtoto ana homa. Dorkas sasa halali. Anamkesha mwanawe akiwa na fimbo mkononi.

Umeuliza kuhusu Kibwebwe. Ni mzima kabisa. Katika maradhi yote haya hakupiga chafya hata moja, ingawa amelala na wagonjwa na kula nao. Hilo linanithibitishia kwamba ugonjwa ni wa kigeni, na kwamba paka aliyezaliwa mlimani, mwenye damu ya hapa, anaukataa. Tena ana mimba. Habari hiyo imeenea, na watu wameanza kuleta kuku. Hujasahau desturi: paka hanunuliwi, bali anayemtaka huleta kuku kabla paka hajazaa, na kuku akishapokelewa, mtoto ni wake. Kumrudisha kuku huyo ni kumwambia mwenzako kwamba hutaki moto wa nyumba yake uwake. Wa Dorkas ndiye wa kwanza kufungwa uani kwangu.

Kwa hiyo usimlete ndugu yake Karani. Tulikaa barazani mbele ya mchili, mkuu wa kitongoji chetu, mwishoni mwa Julai tukaazimia mambo mawili. La kwanza ni kwamba paka wa tambarare asipandishwe huku. La pili halikuhusu. Mimi mwenyewe nilieleza ushahidi, na watu waliuona.

Mke wangu Lea, kama angalikuwa hai, angefurahi kuona paka wake amekuwa tegemeo la ukingo mzima.

Kaka yako,
Naftali


Vudee
6 Septemba 1954

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Ni mimi Rogathe. Nimepata nafasi ya kuandika kwa sababu Baba amekwenda gulioni Myamba, na mama mmoja anateremka Same kesho.

Asante sana kwa perege. Paka wangu amepona kwa sababu yao. Nilimpaka mchuzi puani mpaka akakasirika akanikwaruza, na hapo ndipo nilipojua atapona. Mwanangu hajambo, lakini simlazi tena chini. Nashinda naye mgongoni hata nikitwanga, maana nikifikiria kidole cha mtoto wa Dorkas nasikia baridi.

Shangazi, pole sana kwa Karani. Tangu siku ile nimetaka kukuandikia pole, ila nilijua Baba ameshakueleza yote. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa anapona. Asubuhi ile alikuwa amekula uji wangu wote, akakaa mlangoni analamba makucha. Vijana walipokuja na gunia alidhani wanacheza naye, akaingia mwenyewe. Walimpeleka mtoni. Yeye peke yake ndiye aliyezamishwa, kwa kuwa baraza lilisema azamishwe paka aliyeleta ugonjwa. Baba hakwenda. Alikaa barazani kwake na Biblia magotini mpaka jioni, wala hakufungua ukurasa.

Sasa nina swali. Mimi nimeolewa hapa juzijuzi, labda sijui mambo ya paka wa huku. Kibwebwe jicho lake la kushoto hutoka maji tangu nilipofika, hasa kukiwa na ukungu, au akihamishwa mahali. Na watoto wake wa mwaka jana, wale wa wakati wa arusi yangu, nao walipiga chafya. Wawili walikufa. Mama mkwe hayupo wa kumwuliza, na Baba nilipomwambia alisema ilikuwa baridi tu. Je, paka anaweza kuwa na mafua ambayo yeye mwenyewe hayamwumi?

Nauliza kwa sababu anakaribia kuzaa, na kuku uani ni wengi.

Mkwe wenu,
Rogathe


Same
15 Septemba 1954

Kaka, shikamoo.

Nimejua Karani alikufaje. Aliyeniambia alikuwa ananipa pole tu. Alidhani kaka amemwambia dada yake, kama inavyopasa. Usimkaripie.

Uliandika "amekufa". Sikuulizi kwa nini uliandika hivyo. Nasema tu kwamba nililisoma neno hilo nikamwambia mume wangu hivyohivyo, na yeye akavua kofia.

Tuyaache hayo, kuna jambo kubwa zaidi, na nakuomba ulisome ukiwa umetulia.

Nilimwuliza Zebedayo kama mnyama anaweza kubeba ugonjwa usiomwumiza. Aliweka kikombe chini. Alisema ng'ombe wana homa ya mapafu, na wafugaji wa nyikani huiogopa kuliko simba. Ng'ombe akiugua akapona, hunenepa, hung'aa, utamwona mzima kuliko wote. Lakini mapafuni kumebaki donge, na ugonjwa umelala humo. Siku akichoka, akisafiri, au akizaa, unaamka, na wenzake wote wanaanguka huku yeye amesimama. Alisema, "Mwambie Mwalimu nalinganisha tu. Paka sikusomea, na huenda nimekosea. Lakini ningekuwa mimi, nisingeuliza nani aliugua. Ningeuliza nani hakuugua."

Kaka, mimi nilikuja kumzika wifi yangu Lea. Nilikaa kwako mpaka matanga yakaisha. Nilikuwa nalala jikoni, karibu na moto. Kibwebwe alikuwa amelala majivuni, macho yamegandana, hana mtu wa kumtazama maana nyumba nzima ilikuwa inalia. Nilimpangusa kwa pindo la kanga yangu ya msiba. Nilimlisha uji kwa kidole. Alipona, nikafurahi, nikasema angalau hiki kimoja cha Lea kimebaki. Karani alikuwa hajazaliwa. Wala mama yake.

Sisemi umuue, Mungu apishe mbali. Nasema watoto wake wasigawiwe. Akizaa, wakae kwenu, na watakaougua watunzwe kwenu. Mtenge Kibwebwe na paka wa watu mpaka mwisho wa siku zake, apate mchuzi wake na jua lake. Na Dorkas nitamletea ndugu yake Karani mwenyewe, nikimbeba magotini.

Lakini siwezi kumpandisha maadamu azimio lenu lipo. Na wewe ndiye uliyelisimamisha.

Dada yako,
Eliakunda


Vudee
20 Septemba 1954

Eliakunda,

Barua yako nimeipata. Shemeji mwenyewe amekiri kwamba hakusomea paka. Kumbukumbu ya mtu aliye msibani si ushahidi, yako wala yangu.

Nimemfungia Kibwebwe peke yake katika chumba cha madaftari, nikakifagia na kukimwagia maji ya moto kabla hajaingia. Hakuna paka mwingine atakayemkaribia mpaka azae. Anahudumiwa na mimi tu, na chombo chake ni kipya. Watoto watazaliwa wazima, na nitakuandikia hivyo.

Naftali


Vudee
10 Oktoba 1954

Mpendwa dada yangu Eliakunda,

Kibwebwe amezaa watoto wanne.

Nilimfungia ili nikuonyeshe kwamba umekosea. Naliandika hilo kwanza kwa sababu yote yaliyofuata yametoka hapo. Nilikuwa nikiingia kwake baada ya kunawa, nikiwa nimevaa kanzu nisiyotoka nayo nje. Nilimpelekea maji yaliyochemshwa. Hakuna paka aliyemkaribia, wa tambarare wala wa mlimani. Alizaa vizuri, na siku iliyofuata nilimkuta akiwanyonyesha. Nilipoinama kuwatazama alipiga chafya. Nilijiambia ni vumbi. Nilikuwa nimekifagia chumba kile kwa mikono yangu.

Macho ya watoto yalikuwa hayajafunguka bado, na tayari mmoja alikuwa amevimba kope, na usaha ukitoka kwenye pembe. Wa pili alifuata. Jicho la mama yao la kushoto linatiririka. Nimewapangusa kama ulivyoagiza, kila mmoja na kitambaa chake. Nilipokuwa nikifanya hivyo nilitafuta kwa uaminifu njia nyingine ya kulieleza jambo hili, nami sikuipata.

Karani aliugua kwa kuwa alikuja nyumbani kwangu. Alikuja mzima. Tulimwua kwa ugonjwa tuliompa, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya mchili nikapanga hoja moja baada ya nyingine mpaka hapakuwa na mtu wa kubisha. Nilikuandikia "amekufa" kwa kuwa sikuweza kuliandika lile neno jingine. Mwambie Zebedayo.

Jumatano iliyopita Dorkas alikuja na mtoto mgongoni. Homa ya mtoto imeshuka, lakini kidole kitakuwa kifupi. Alikuja kuchagua. Alisema, "Mwalimu, habari za uzazi? Nasikia ni wanne. Mimi nataka jike. Madume hupenda kutembea, na panya wangu hawana subira."

Nilimwambia akae. Hakukaa. Alisema, "Ukiniambia nikae ujue kuna jambo. Mume wangu alipokufa nawe uliniambia nikae."

Nilimweleza yote, kwa mpango, kama nilivyokueleza wewe sasa. Alinisikiliza huku akimtingisha mtoto. Nilipomaliza aliniuliza, "Kwa hiyo yule wa kwanza uliyenipa, alikuja kwangu tayari ana ugonjwa?"

"Ndiyo."

"Na paka wa dada yako alizamishwa bure?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilipiga makofi barazani." Kisha akacheka, Eliakunda, lakini si kwa furaha. "Mwalimu, unajua sisi wote tulipiga makofi kwa sababu ulisema vizuri? Angesema Melkizedeki tungemwambia akae chini."

Nilimwambia nitamrudishia kuku wake, na kwamba najua maana yake, na kwamba hilo silo ninalolitaka. Akasema, "Kuku mwache kwanza. Nikirudi naye watu wataniuliza, na mimi sitakusemea. Kaseme mwenyewe." Alipofika mlangoni aligeuka. "Na huyo mama yao? Umeshafikiri wataamua nini juu yake?"

Nilikuwa nimefikiri. Sikuwa nimefikiri jambo jingine tangu ile chafya.

Azimio la pili, nililokuandikia kwamba halikuhusu, linasema hivi: paka atakayejulikana kuwa ndiye aliyeleta mafua kitongojini azamishwe. Maneno hayo ni yangu. Mchili Sefania alikuwa ametaka tuseme "paka wa tambarare", nami nilipinga, nikasema sheria njema haichagui. Kwa hiyo siwezi kumwokoa Kibwebwe kwa kusema kwamba azimio halimhusu.

Nilikwenda kwa Sefania jana. Ni mtu mwema, na alisoma kwangu. Aliniuliza, "Nani anajua?" Nilimjibu kwamba anajua Dorkas, na Rogathe, na wewe, na yeye. Alikaa akichezea ufunguo wake. "Mwalimu, paka ni paka. Ukinyamaza, watoto wawili wazima wataondoka, wawili watakufa, na kila mtu atasema ni bahati mbaya. Ukisema, mimi ni mchili, sheria ipo, na Melkizedeki atakuwa wa kwanza kusimama. Atasema paka wa dada yako alipata gunia, na paka wa mkeo anapata huruma. Nitamjibu nini?"



Sefania hajui, na wewe unajua, jinsi Lea alivyokuwa na paka yule. Wiki zake za mwisho, aliposhindwa hata kunisikiliza nikisoma, mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa Kibwebwe. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Nilimwonea paka wivu, kwa kuwa yeye alijua la kufanya. Nimeishi naye tangu hapo kama mtu anayeishi na shahidi. Sasa nikisema kweli huenda nikamwua, na nikinyamaza nitawapelekea jirani zangu ugonjwa kwa mikono miwili, na kuupokelea kuku.

Sitanyamaza. Hilo limekwisha kuamuliwa, na nililiamua Dorkas alipokuwa bado amesimama mlangoni. Nimemwomba Sefania aite baraza Jumatano ijayo, na anipe nafasi ya kwanza. Nitaeleza kosa langu. Nitaomba maazimio yote mawili yafutwe. Umlete ndugu yake Karani kwa Dorkas, na wengine kwa wenye mbegu darini. Kila kuku arudi kwake, nami mwenyewe nitawapeleka nyumba kwa nyumba, kila mwenye nyumba anitazame usoni. Na Kibwebwe abaki kwangu chini ya ufunguo na watoto wake, pamoja na yule mwenye jicho la ukungu, asizae tena kwa ajili ya mtu yeyote.

Rogathe anasema watakubali, kwa kuwa watu wananiheshimu. Mimi hilo ndilo ninaloliogopa. Mara ya kwanza walikubali kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo nimeamua kwamba nikishasema nitatoka, niwaache wazungumze bila mimi, na sitasimama karibu na dirisha.

Huenda wakasema sheria ibaki. Wana haki, wamepoteza mahindi, na mtoto mmoja amepoteza kidole. Ikiwa hivyo, hakuna kijana atakayetumwa nyumbani kwangu na gunia. Nitamchukua Kibwebwe mwenyewe, nitashuka naye mtoni, na nitabaki pale mpaka mwisho, kwa kuwa kwa Karani sikwenda.

Hivi niandikapo yuko juu ya meza. Nilimtoa tengani apumzike kidogo mbali na watoto, naye amekuja kukaa penye jua, juu ya ukingo wa karatasi hii. Samahani kwa mstari uliopinda.

Msalimu shemeji. Mwombe asivue kofia tena kwa ajili yetu mpaka tujue. Baraza likishaamua, liwe neno lolote, nitakuandikia.

Kaka yako,
Naftali